Baiskeli ya Marehemu Nderitu

Lazarus Ondiek aliuweka msumeno juu ya bomba la juu la baiskeli, kisha akasita. Alikuwa ametengeneza baiskeli za watu hapo Eldoret tangu kabla Wazungu hawajaanza kuuza mashamba yao, lakini fremu nzima hakuwahi kuikata, tena ya marehemu.

"Mama, hii nikikata, hairudi."

"Kata, fundi," alisema Nyakio, mjane wa Nderitu.

Nyonga yake ya kushoto iliharibika alipoanguka akibandua magome ya miwati, na mguu haukuweza tena kuvuka bomba lile. Kutembea nako, maili moja ilimtoa machozi. Kesho asubuhi chama chao cha ardhi kilikuwa kinagawa mashamba kwa kura, maili nane kutoka mjini, ng'ambo ya Chepkoilel. Sheria ilikuwa moja tu: anayeokota karatasi kwenye debe ndiye anayeandikwa. Simeon, ndugu ya marehemu mumewe, alishamwambia kwa sauti tamu kwamba lori la wanachama limejaa. "Pumzika, shemeji. Mimi nitakuokotea." Huruma ya Simeon! Hisa yao katika chama Nyakio aliitafuta na Nderitu kwa kuuza magome hayo hayo, na Simeon hakubandua hata gome moja.

Ondiek akakata. Akaliteremsha bomba mpaka karibu na pedali, akatia kipande cha bomba la maji ndani ya kila kiungo, akachomelea. Kisha akaijaribu kama alivyojaribu kila kazi yake: akampakia nyuma mkewe Angeline, mwanamke wa mwili wa kutosha, wakazunguka uwanja. Fremu ililia kidogo.

"Ikilia hivyo, wacha ilie," Ondiek akamwambia Nyakio. "Lakini ukisikia imepasuka, shuka haraka."

"Nishuke nitembee na mguu gani?"

Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi barabara ilikuwa tope tupu. Nyakio aliendesha akiwa ameuma meno. Kwenye mteremko wa mwisho akasikia ta! chini yake. Aliogopa, aliogopa sana, lakini hakushuka. "Nderitu, nivumilie," akaiambia baiskeli.

Karani alikuwa akiita mara ya tatu. "Nderitu! Nderitu yuko?"

"Mimi ni ndugu yake," Simeon alijibu, na mkono wake ukazama ndani ya debe.

Watu wakatawanyika ghafla. Nyakio alipita katikati yao bila breki, kiungo kikaachia, yeye na baiskeli wakaanguka mbele ya meza. Akajiinua kwa kushika ukingo wa debe, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa.

Simeon aliitazama fremu iliyofumuka. "Umekata baiskeli ya ndugu yangu!"

"Nimeikata. Toa mkono, shemeji."

Simeon aliwatazama watu. Hakuna aliyemtetea. Akautoa mkono, mtupu.

"Sasa huyu Nderitu ni nani?" karani akauliza, amechoka.

"Nderitu alikufa," mjane wake alisema, mkono wake ukiwa tayari ndani ya debe. "Andika Nyakio."