Filamu Niliyoitazama Nikiwa Nimeketi

Nilipoanza kazi katika ile nyumba ya Lavington nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na msichana wa pale alikuwa na kumi na mmoja. Mama yake, ambaye nilimwita Madam kwa sababu aliyenitangulia alimwita hivyo, alifanya kazi katika benki moja Upper Hill na alirudi jioni. Baba alisafiri sana. Kwa hiyo tangu saa tisa na nusu, basi la shule lilipomshusha mtoto getini, hadi saa kumi na mbili, nyumba ilikuwa yetu wawili.

Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Alivua viatu, akala, akawasha televisheni. Huo ndio wakati nami niliopiga pasi, na meza ya pasi ilikaa sebuleni, nyuma ya kochi. Ndivyo nilivyoijua ile hadithi: nimesimama nyuma ya kichwa cha mtoto, shati la baba yake mbele yangu.

"Katuni gani hii watu wanagombana tu?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Si katuni, Anti. Ni anime. Na hawagombani, wanaongea Kijapani."

Ilikuwa habari ya msichana anayefunzwa kujenga madaraja na fundi mmoja mwanamke, mkali, ambaye mkono wake wa kushoto haufanyi kazi. Wanazunguka nchi ya milima na mito, na kila wanapofika wanakuta watu wa ng'ambo hii hawasemezani na wa ng'ambo ile. Sehemu zilikuwa ishirini na sita. Maneno yalipita chini ya kioo kwa Kiingereza, mbio mbio. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, nilipoachia masomo kule Vihiga, na nilikuwa nikimaliza mstari wa kwanza wakati wa tatu umeshapita. Mwanzoni mtoto alinisomea.

"Sasa huyo mzee anasema hiyo daraja itaanguka. Fundi anamwambia hajui kitu."

Baada ya wiki moja akachoka. "Soma mwenyewe, Anti. Utazoea."

Nilizoea kidogo. Lakini nilisoma kati ya mkono wa shati na kola. Mara maharagwe yanakauka jikoni, mara kengele ya geti, mara Madam amepiga simu kuuliza kama nyama imetolewa kwenye friji. Nikirudi nakuta daraja limeshasimama na watu wanakumbatiana, nami sijui wamepatana vipi. Najazia mwenyewe. Mtoto akimaliza sehemu zote alianza upya, na katika miaka mitatu tuliizunguka hadithi nzima mara tatu. Niliipenda kweli. Siku yangu ya mapumziko, tukitoka kanisani Kangemi, nilikuwa nikiwasimulia wenzangu, nao wakisikiliza kama habari za mtu wa kwetu.

Kuna sehemu moja tu niliyoiona yote. Nilikuwa nimerudi kutoka nyumbani baada ya Krismasi, nikashikwa na malaria. Mtoto alinikuta nimejikunja katika chumba changu cha nyuma, akanivuta mkono hadi kwenye kochi, akanifunika blanketi lake mwenyewe. Siku hiyo ilikuwa sehemu ya mvua. Fundi na msichana wamekwama katika nyumba ya wageni kwa siku saba, mto umejaa, hakuna kazi. Wanamenya viazi. Wanasikiliza bati. Siku ya tano fundi, bila kuulizwa, anaanza kumweleza msichana habari za mama yake. Basi. Hakuna kingine. Nililia, nikasingizia homa.

Mtoto alikuwa na miaka kumi na minne filamu ilipofika mjini. Walikuwa wameichukua hadithi yote ya sehemu ishirini na sita wakaifanya ya saa mbili. Madam hakuwa na nafasi Jumamosi hiyo. "Nenda na Anti," akamwambia.

Nilivaa rinda langu la kanisani. Sikuwa nimewahi kuingia sinema. Tulipewa viti vya katikati, na taa zilipozimwa nilishtuka kugundua kwamba sina la kufanya. Hakuna sufuria, hakuna geti. Mikono yangu ilikaa juu ya magoti kama ya mtu mwingine. Kisha wale watu wakatokea, wakubwa kama ukuta, nami nikasoma mstari baada ya mstari, na kila mstari nikaufikia kabla haujaondoka. Nilimwona fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa, kamba ikimkata mkono. Miaka mitatu nilidhani alizaliwa hivyo. Nilijua pia kwamba yule kijana mwenye kovu na yule ndugu wa msichana ni watu wawili wanaochukiana. Nilikuwa nimewachanganya siku zote, na ndiyo sababu hadithi yangu ya Kangemi ilikuwa na mtu mmoja anayejichukia bila maana.

Tulitoka tukaenda kula chipsi karibu na hapo. Mtoto alikuwa amenuna.

"Wameharibu," akasema.

"Mimi naona wametengeneza."

"Anti! Mvua imekuwa dakika moja. Wamemenya kiazi kimoja, jua likawaka. Wametoa kijiji cha wafua vyuma. Wametoa bibi wa kivuko. Sasa imebaki nini?"

"Imebaki hadithi. Leo nimeielewa."

"Lakini tuliiona pamoja. Yote. Mara tatu."

Sikukusudia kumwambia. Lilinitoka tu. "Wewe uliiona. Mimi nilikuwa nikipita."

Aliacha kula. Nilimweleza kuhusu mkono wa fundi, kuhusu kijana mwenye kovu, nikacheka ili naye acheke, lakini hakucheka. Alinitazama kama mtu anayehesabu jambo kichwani.

"Hata ile ya mwisho hukuiona?"

"Niliona mwanzo. Kisha nikaenda kuanua nguo."

Tulirudi nyumbani. Nilijilaumu, kwa sababu niliona nimemharibia siku yake.

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Saa tisa na nusu nilifungua meza ya pasi, naye akaja akaikunja. Alichukua kapu la nguo, akalimwaga kati yetu kwenye kochi. "Leo hatupigi pasi, tunakunja tu. Kaa hapa. Tunaanza ya kwanza."

"Na mashati ya baba yako?"

"Baba yuko Kigali. Nitayapiga mimi kesho."

Nikaketi. Alipoona macho yangu yamechelewa, alisimamisha picha, akangoja, bila kuniangalia. Kengele ya geti ilipolia alikwenda yeye. Tulitazama mbili siku hiyo, tatu kesho yake, na mashati aliyapiga kweli, ingawa moja liliungua kola.

Siku ya nne Madam alirudi mapema. Hatukusikia gari. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akanikuta nimeketi kwenye kochi lake, miguu nimeikunja. Nilisimama haraka hadi soksi zikatawanyika sakafuni.

"Kuna nini leo?" akauliza.

Nilianza kuomba msamaha, lakini mtoto alinitangulia. "Mama, kabla ya wiki hii Anti hakuwa ameona hata moja mpaka mwisho. Miaka mitatu anasimama hapo nyuma."

"Hata moja?"

"Niliona moja, Madam," nikasema. "Nikiwa mgonjwa."

Madam alitazama pale meza ya pasi inapokaa kwa kawaida. Nilikuwa tayari nikifikiria mfuko wangu utajaa nini, na basi gani la kwenda Vihiga. Mwishowe akauliza, "Imebaki dakika ngapi?"

"Kumi," mtoto akasema.

"Basi malizeni." Akaenda jikoni, nikamsikia akifunua sufuria na kujipakulia mwenyewe. Zile dakika kumi sikuziona vizuri, nasema kweli.

Baada ya chakula aliniita. Alionekana mtu aliyechoka, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Kuanzia kesho, saa kumi hadi saa kumi na moja ni yako. Usipike, usifue. Hata nikipiga simu, usishike." Kisha akaongeza, "Nilipaswa kufikiria hilo zamani." Nilisema asante, nikaenda kuosha vyombo.

Tulimaliza sehemu zote ishirini na sita kabla shule hazijafunguliwa. Hapo nilibadilisha mawazo, lakini si yote. Mvua ile ya siku saba haina mfano, na aliyeikata hakuwa amewahi kukaa siku nzima na mtu asiyezungumza. Bibi wa kivuko naye ni mtu wa maana sana. Sijui filamu ilimwachaje. Lakini mwisho wa filamu ni bora. Katika mfululizo, msichana anapovuka daraja lake la kwanza, wanatupitisha katika kumbukumbu za kila kitu tulichokwisha kuona, sehemu nzima. Katika filamu anavuka tu, fundi anageuka kuendelea na safari, na huo ndio mwisho. Nilimwambia mtoto hivyo. Akakataa. Bado anakataa.

Hadithi ilipoisha, saa yangu ilibaki. Nilisoma vitabu vyake vya zamani, kwanza polepole, na nikagundua kwamba Kiingereza kilichotulia kwenye karatasi ni chepesi kuliko kile kinachokimbia. Mwaka uliofuata nilimwomba Madam ruhusa ya Jumamosi, nikajiunga na chuo cha ushonaji Ngara. Alikubali. Nilipoacha kazi kwake nilikuwa na cheti, naye alinipeleka kwa gari lake hadi chumba nilichopanga, mtoto nyuma amekumbatia cherehani.

Sasa niko Ngara, tuko wanawake watatu, tunashona sare za wauguzi. Mtoto anasoma sheria chuo kikuu, ni mrefu kunishinda. Bado ananiita Anti.

Juzi alinipigia simu. Wametoa filamu nyingine ya wale watu, hadithi mpya kabisa, ambayo haikuwa kwenye mfululizo. Tulikwenda Jumamosi mchana. Hii haikuwa na kitu cha kulinganishwa nacho. Hakuna aliyejua zaidi ya mwenzake. Tulipotoka alisema ni nzuri, nami nikasema fundi amekuwa mpole mno, hata si yeye. Tulitembea kwa miguu hadi Ngara tukibishana, na tulipofika nilisonga ugali huku yeye akikata sukuma wiki, vibaya, akinieleza kwa nini mtu mkali anaweza kuwa mpole akizeeka.