Chapa Yangu Juu ya Ndoo za Asali

Mfuko wangu uliibwa Tura, mchana kweupe, wakati nachagua kuku. Treni ilikuwa imesimama stesheni, na mimi nimetoa kichwa na mkono mmoja dirishani, namwambia muuzaji kwamba huyo kuku wa kuchoma anayemsifia alikufa kwa uzee. Mtu akapita nyuma yangu, akauchukua mfuko kwenye kiti, akautoa kwa dirisha la upande wa pili. Abiria wenzangu walimwona. Walidhani ni mwanangu ananisaidia mizigo.

Nikafika Tabora na kuku mkononi, bila vifaa vya kazi.

Kazi yangu wengi hawajui hata kama ipo. Nafunga parachuti, zile ambazo rubani huvaa mgongoni huku akiomba asije akazihitaji. Nilijifunza jeshini nikiwa binti, nikastaafu, nikajenga Cheyo, hapahapa Tabora mjini, na tangu hapo marubani wachache wa ndege ndogo za huku magharibi huniletea zao nizikague na kuzifunga upya. Chumba changu cha mbele kimejaa meza moja ndefu, kwa hiyo wageni hukaa uani, wapende wasipende. Siku hizi mgongo unauma kabla sijamaliza kunyoosha kitambaa, na macho yananidanganya kwenye uzi. Nimechoka na kazi hii, nasema wazi, ila sijui nyingine.

Sindano, ndoano ya kuvutia kamba, kibao cha kulaza mikunjo, pini zenye tepe nyekundu ndefu ili mtu asizisahau ndani: vyote vilikuwa kwenye mfuko. Havikuniuma sana. Kilichoniuma ni koleo la lakiri.

Parachuti ikishafungwa, napitisha uzi mwekundu kwenye pini ya mwisho, nauvika kipande cha madini ya risasi kidogo kama punje ya kunde, nakibana kwa koleo. Mdomo wa koleo una chapa, herufi tatu ambazo katika nchi hii ni zangu peke yangu. Rubani hawezi kuona ndani. Hajui kama nimekunja kitambaa au nimejaza mashuka. Anaona chapa, anavaa, anapaa. Sasa mtu fulani alikuwa nalo hilo koleo, na kopo zima la risasi. Angeweza kushindilia matambara ndani ya mfuko wa parachuti, akabana, na rubani akafa kwa jina langu.

Polisi walinipokea vizuri. Kijana aliyekuwa kaunta aliandika "koleo moja" akanigeuzia karatasi nisaini. Nikamwambia haitoshi, aandike na chapa, ndiyo yenye hatari. Akaniuliza kama koleo lenyewe lilikuwa jipya. Nilihema, nikaanza upya kama ninavyomweleza mjukuu.

Vile vingine nilivipata mjini bila taabu. Mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, tunayesalimiana naye tangu nihamie, alinitolea sindano za kila unene.

"Hii ya magunia, mama. Hii ya viatu. Parachuti ni kama viatu au kama magunia?"

"Kama sanda, ukikosea."

Akaacha utani, akaenda kunitafutia utepe mwekundu nyuma ya duka. Pini nilichongewa kutoka spoku za baiskeli, zikasuguliwa mpaka zikawa laini. Seremala akanitengenezea kibao cha mninga, kizuri kuliko cha zamani, na hilo nalo lilinikera, maana nilikuwa sijamaliza kukilia cha zamani.

Chapa ndiyo haichongwi mtaani. Wakubwa wa mambo ya anga kule Dar walinipa herufi mpya na koleo jipya, pamoja na agizo nililokuwa nalitegemea: chapa ya zamani imekufa. Kila parachuti yenye lakiri hiyo ifunguliwe, ikaguliwe, ifungwe upya, hata kama niliifunga mwenyewe juzi. Nikawapigia marubani wote. Nikawaambia wasiguse parachuti yenye chapa ya zamani mpaka nifike, na nikishafunga upya nitampa kila mmoja picha ya lakiri yake kwenye simu, ailinganishe kila anapovaa. Wengine walicheka, wakaniambia mama unajihangaisha.

Nilianza na za Tabora. Nakata uzi wangu mwenyewe, natandaza mezani kitambaa nilichokikunja kwa mikono yangu, nakikuta salama, nakikunja tena. Ni kama kufua nguo zilizokwisha kufuliwa, halafu kila nguo inakuuliza kwa nini huniamini. Jioni nilikuwa siwezi kuinua mikono kusuka nywele.

Katikati ya shughuli hiyo nilikwenda sokoni kununua asali. Kwenye meza ya dada mmoja, umri wa binti yangu, ndoo zilikuwa zimepangwa safi, na kila mfuniko ulikuwa na uzi mwekundu na kipande cha risasi kikining'inia. Nilikishika kimoja, nikakigeuza. Herufi zangu tatu. Nikakaa kwenye ndoo tupu bila kukaribishwa.

"Shikamoo mama. Unajisikia vibaya?"

"Marahaba. Hiki umekitoa wapi?"

"Lakiri yetu hiyo. Asali yenye lakiri haijachanganywa na sukari."

"Nani kasema?"

"Wateja wenyewe wanasema. Zamani kila mtu alikuwa anataka kuonja, anachovya kidole, anaondoka. Tangu niweke hivi, wanaangalia tu, wanabeba."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa ukali zaidi ya alivyostahili, kwa sababu siku zote hizo nilikuwa nimemwogopa muuaji, kumbe muuaji mwenyewe anauza asali na ananiamkia. Alisikiliza huku mkono wake umeziba mdomo. Koleo na kopo la risasi alivinunua kwa mtu wa vyuma chakavu. Tukaenda wote. Mtu wa vyuma chakavu alisema aliletewa na mtu, aliyeletewa na mtu, na yeye hakumbuki sura za watu, anakumbuka vyuma. Kwa hiyo hata hapo sikupata raha. Kati ya Tura na soko lile, koleo lilikuwa limepita mikono nisiyoijua, na hakuna wa kuniambia lilibana nini njiani. Agizo lilibaki palepale.

Tuliporudi mezani kwake nilimwuliza kama kweli hajachanganya. Alikata uzi wa ndoo iliyokuwa mbele yangu, akaingiza kijiko mpaka chini kabisa, akanipa. Ilikuwa asali safi ya msituni, nyeusi kidogo, ina moshi kwa mbali. Nimekulia kwenye asali, mtu hanidanganyi.

"Niachie koleo mpaka niziuze hizi, mama," akasema. "Bila lakiri wataanza tena na vidole."

Nilimwonea huruma, tena sana, maana nilijua vizuri mtu anavyojisikia kazi yake safi ikikosa kuaminiwa. Lakini nilikataa. Nilikata nyuzi zote za meza yake na kuzitia mfukoni, nikalipeleka koleo kwa mhunzi, nikasimama pale akiligonga mdomo mpaka herufi zikawa bapa. Herufi hizo nilipewa nikiwa bado na kiuno. Nilirudi Cheyo, nikalala na viatu miguuni.

Iliyobaki ilikuwa parachuti moja, ya rubani anayepulizia dawa kwelea kwelea kwenye mashamba ya mpunga. Ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa kambini Choma, Igunga, hana nafasi ya kuja, kwa hiyo nilipanda basi na vifaa vyangu vipya nimevipakata kama mtoto mchanga. Safari hii sikununua kuku.

Nilimkuta kando ya uwanja wa vumbi, ndege yake ndogo imeshajazwa dawa. Wenye mashamba walikuwa wamekaa pembeni wakimsubiri. Kwelea kwelea hutua kulala jua likizama, na huo ndio wakati wake.

"Shikamoo mama. Hii ulinifungia mbele ya macho yangu, na tangu siku hiyo lakiri haijaguswa. Iangalie."

"Naiona."

"Sasa unakata nini? Na kwenye mpunga naruka chini mno, hata ningekuwa nazo tatu hazingenisaidia."

"Ukirudi Tabora juu ya pori unaruka chini?"

Akaniachia parachuti. Ukweli ni kwamba na mimi sikuona sababu. Lakiri ilikuwa yangu halisi, niliitambua hata jinsi nilivyoibana kwa upande. Uzi ulikuwa wangu, fundo langu. Kama angenibembeleza kidogo zaidi, kwa uchovu niliokuwa nao, sijui. Nilitandaza turubai chini ya kivuli cha bawa, nikakata uzi, nikavuta.

Kitambaa kilitoka vizuri mwanzoni. Nilipofika upande uliokuwa umelalia chini nikaona doa la njano, si kubwa. Nililigusa, na kidole kikapita. Kilipita kama kwenye karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta. Nikasogeza, kikapita tena. Kamba za upande ule nilizivuta kidogo tu, zikabaki mkononi.

"Uliiweka wapi?" nikamwuliza.

Alifikiri. Alisema walipohamia kambi hii aliiweka nyuma ya pikapu. Ilikuwa juu ya betri ya ndege, ili isiguse mafuta.

Maji ya betri hula nailoni kimyakimya. Nje, kwenye turubai nene la mfuko, palikuwa na alama ndogo iliyofifia, kama ya jasho. Mimi mwenyewe niliiona nilipofika nikadhani ni jasho.

Alipiga magoti kando yangu, akaingiza kidole chake kwenye kitambaa, polepole, akakitoa. Akafanya hivyo mara nyingine sehemu nyingine.

"Lakini lakiri ilikuwa nzima," akasema.

"Ilikuwa nzima."

Mmoja wa wenye mashamba alikuja kuuliza kama tunaanza, jua linakwenda. Nilimwambia leo ndege hairuki. Alinitazama mimi, akautazama mpunga wake, akarudi kwa wenzake. Kwelea kwelea walianza kushuka, wengi, wakatua mashambani kwa raha zao, na watu wakatoka kuwafukuza kwa madebe. Nilijisikia vibaya. Nilikusanya vifaa vyangu, nikavihesabu kwa mazoea, nikavirudisha mfukoni.

Rubani alikuwa ameketi kwenye gurudumu la ndege, simu sikioni. Alikuwa amempigia mkewe. Hakumwambia lolote kuhusu parachuti. Alimwuliza wamepika nini leo, akasikiliza, kisha akamwomba arudie.