Debe Ambalo Sikuligonga

Nilipokuwa na miaka kumi nilijua kila kitu, na Bibi yangu, kwa akili yangu ile, hakujua lolote. Shamba letu la mpunga lilikuwa Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa. Kila nikitoka shule nilipanda dunguni, kwenye kichanja cha miti, kuamia ndege wasile mpunga, nagonga debe, napumzika, nagonga tena.

Kati ya shamba na nyumbani palikuwa na korongo. Siku nyingi maji yake hayakufika magotini. Bibi alisema juu kule mlimani linalala joka. Mawingu yakilirundikia, linakasirika na kushuka korongoni likinguruma.

"Hata kama huku jua linawaka," alisema. "Ukiona mlima umejifunika, gonga debe bila kukatiza. Atakayesikia hatavuka."

Macho yake yalishaingia mtoto wa jicho. Mlima hakuuona tena, alitegemea macho yangu.

Nililigonga mara moja hivyo, wingu likapita zake, maji hayakuja. Loo! Wiki nzima shuleni nikaitwa Mama Joka. Kinara wao alikuwa Tatu, binti wa jirani. Na mwalimu alishatufundisha kwamba mvua ni mvuke tu. Nikaapa sigongi tena kwa ajili ya joka.

Basi mchana mmoja mawingu yakapandana juu ya mlima, meusi kama masizi ya sufuria, radi zinaitikiana. Kwetu jua kali. Niliyaona. Nasema wazi, maana kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuyaona. Nilishika fimbo ya kugongea, nikamwona Tatu kwenye dungu lao ananitazama, ameshaanza kucheka. Nikaiweka fimbo chini.

Na saa ile ndiyo Bibi alikuwa anakuja kuniletea ugali.

Kwanza tulisikia mngurumo, kisha maji yakafika ghafla, mazito kwa tope, yamebeba magogo. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanapita barabarani walimkuta amekwama kwenye mizizi ya mkuyu, mguu umevunjika juu ya goti.

Hospitalini Ifakara mama alimuuliza, "Mama, kwani debe hukulisikia?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nikainama kukunja shuka lake.

"Nililisikia," Bibi akasema. "Mtoto kagonga mpaka mikono ikamuuma. Ni ukaidi wangu tu."

Tatu alijua ukweli, lakini naye aliogopa, akanyamaza. Bibi alirudi nyumbani na mkongojo, na watu wakaacha kumsikiliza. Mjuzi wa joka kamezwa na joka, walimtania kisimani, naye alicheka nao. Msimu uliofuata alinikabidhi lile debe mwenyewe.

"Kicheko hakivunji mfupa, mjukuu wangu," aliniambia. Hakurudia tena maisha yake yote.

Siku hizi naishi Ifakara. Juzi ujumbe uliingia kwenye simu: mvua kubwa ya radi, walio mabondeni wachukue tahadhari. Nje kulikuwa kweupe. Nikapiga simu Kisawasawa, nikapiga Idete, nikampigia hata Tatu, aliyeolewa Lupiro. Mume wangu akacheka, akasema nimeanza tena. Acha acheke.

Lakini kupiga simu si kutubu. Nafasi ya kutubu niliipata siku tulipomzika Bibi. Mjomba alisimama kumwelezea marehemu, akafika kwenye ukaidi wake, akasema, "Asiyesikia la mkuu..." na waombolezaji wakamalizia kwa pamoja, "...huvunjika guu!" Wakacheka, kwa upendo kabisa. Asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe. Nilikuwa nimekaa mkekani, karibu na jeneza kiasi cha kuligusa. Ningeweza kusimama nikasema.

Nilicheka pamoja nao.