Nizikeni Kama Mtakavyomzika Jirani Yangu

Taarifa ya kifo ilinifikia asubuhi kwenye simu, katika kundi la WhatsApp la wazee wa kanisa letu, nikiwa bado natafuta soksi za kwendea kazini. Mama mmoja wa kijijini kwetu, kwenye barabara iendayo Hombolo, alikuwa amelala vizuri na hakuamka. Niliketi kitandani na soksi moja mguuni, nikalia, na sioni aibu kuwaambia. Kisha ukaja ujumbe wa pili, wa katibu wa baraza la wazee, uliosema kwamba taratibu za maziko zitatangazwa baada ya kikao cha dharura. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba nina ugonjwa wa udadisi, lakini hapa hata asiye na ugonjwa huo angejiuliza. Bibi kizee amefariki usingizini, Mkristo wa tangu utoto, wajukuu wameshaanza kuchimba kaburi. Kikao cha dharura cha nini? Sababu naijua, maana mimi ni mjumbe wa baraza hilo, na leo nawasimulia kwa kuwa marehemu angechukia sana jambo hili lizikwe pamoja naye.

Nilimfahamu nilipohamia Dodoma na wizara, kama wengi wetu tuliokuja na mafaili yetu na manung'uniko yetu kuhusu vumbi. Nilinunua kiwanja pembezoni, nikajenga, na nyuma ya nyumba nikapanda mizabibu kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Siku ya kwanza ya kupogoa alitukuta mimi na mke wangu tukihangaika na mkasi, akatusalimu "Mbukwenyi", salamu ya Wagogo wenyeji wetu, akasimama pembeni akitutazama. Baadaye akauliza kwa upole kabisa hiyo mizabibu ilikuwa imetukosea nini. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa, mkulima wa zabibu mwenye mikono migumu kuliko yangu, na alikuwa na kipaji cha kusema maneno makali kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Ulikuwa hujui umechomwa mpaka ufike nyumbani.

Sasa niwaeleze kuhusu benchi. Kanisa letu lina benchi la nyuma, karibu na mlango, wanapokaa waliotengwa. Aliyetengwa hasogelei Meza ya Bwana wala haimbi kwaya, na akifa kabla ya kutubu mbele ya waumini, kengele haigongwi na mchungaji haji. Majirani wanamzika wenyewe kimyakimya. Ni utaratibu tulioukuta, na mpaka juzi hakuna aliyetuuliza tumeutoa wapi. Kwa miaka mingi benchi hilo lilikuwa na mtu mmoja wa kudumu, mama mjane aliyekaa nyumba ya jirani na marehemu, ambaye alilea watoto wake kwa kupika pombe ya mtama. Aliwahi kutubu na kuacha. Njaa ikamrudisha kwenye pipa, nasi tukamrudisha kwenye benchi, na tukaona tumelinda utakatifu.

Msiniandikie barua kwamba nawatetea walevi. Pombe imevunja nyumba ninazozijua, na mojawapo ni ya ndugu yangu wa damu. Lakini hebu njooni mlitazame paa la kanisa letu. Mabati yale yametokana na shamba la zabibu la kanisa, na zabibu za kanisa, sawa na za mwenyekiti wa wazee, sawa na hizi zangu nilizozipogoa kwa ukatili, haziendi kutengenezwa jemu. Wakati wa mavuno linakuja lori, linapakia kreti, linaondoka kwenda kiwandani, na kinachotoka huko kina chupa ya kupendeza na kizibo. Tulikuwa tumemtenga mama wa pipa moja tukiwa tumekaa chini ya paa lililoezekwa na mvinyo, na hakuna hata mmoja aliyeona jambo la kuchekesha. Kosa la namna hiyo haliwezekani Moshi wala Tanga. Inabidi uwe wa huku kwetu.

Miaka michache iliyopita mchungaji wetu, mtu mwema na mwenye kuhangaika, aliona kwamba tunazungumza sana na Mungu bila kumpa nafasi ya kujibu. Akatangaza juma la kusikiliza. Kila jioni tulikusanyika, tukaimba wimbo mmoja tu, tukanyamaza, tukimwomba Mungu atuonyeshe kanisa limekosea wapi; kisha aliyesikia alisimama akasema. Na tulisikia, ndugu msomaji, tulisikia mno. Mwenyekiti wa wazee alisikia kwamba vijana wanavaa suruali za kubana. Vijana walisikia kwamba wazee wameng'ang'ania madaraka. Kinamama walisikia habari za waume zao, waume wakasikia habari za vikoba, kwaya kuu ikasikia kwamba kwaya ya vijana inapiga kinanda kwa fujo, na mtumishi mmoja wa serikali, ambaye si mimi, alisikia kwamba Mungu hajaridhishwa na idara ya jirani. Siku zote hizo hakuna aliyesikia jina lake mwenyewe. Mchungaji alizidi kukonda, na nadhani alikuwa ameanza kujuta.

Jioni ya mwisho akasimama yeye, marehemu wetu. Aliweka khanga yake sawa, akatusalimu, akasema, "Ndugu zangu, kuhusu vijana mimi sijaambiwa kitu. Nimeambiwa kwamba mimi ni mpika pombe. Jirani yangu anapika mtama, mimi napika zabibu, ila mimi napikiwa na wenye mitambo. Kwa hiyo naomba mnitenge." Akaketi. Mchungaji alimshukuru na kuahidi kulipeleka suala hilo barazani, na barazani tulilijadili mpaka chai ikapoa, kwa sababu kila tulipojaribu kumtenga tulijikuta tumejitenga wenyewe. Tukipitisha kwamba muuza zabibu ni mpika pombe, wazee wote wanakwenda benchi la nyuma, na shamba la kanisa nalo linakwenda huko. Kanisani tungebakiwa na mchungaji na mlinzi, na mlinzi mwenyewe ni Mwislamu wa Kondoa. Basi tukamjulisha kwa heshima kwamba hana kosa lolote. Akatushukuru kwa heshima vilevile, na Jumapili iliyofuata akaingia kanisani akakaa benchi la nyuma, ubavuni mwa jirani yake.

Hakutoka hapo tena. Mwenyekiti alikwenda kumsihi, akajibiwa kwamba upepo wa mlangoni unamfaa kifua. Mchungaji alikwenda, akaandaliwa ugali wa uwele na mlenda, akala, akashiba, akaondoka bila jibu. Wale wajane wawili walishirikiana kitabu kimoja cha nyimbo, na yule mpika pombe, ambaye zamani alikuwa akiponyoka kabla ya wimbo wa mwisho ili asikutane na macho yetu pale nje, akaanza kubaki mpaka baraka ya kufunga ibada. Mimi nilimuuliza marehemu kwa nini asiache tu kuuza zabibu, yaishe. Akasema ataacha siku jirani yake atakapopata cha kulishia watoto badala ya pipa, waache pamoja. Nikamuuliza kama haimuumi kukosa Meza ya Bwana. Hapo hakutania. Alisema inamuuma kila mara, na kwamba jirani yake ilianza kumuuma kabla yake, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Hivyo basi, amekufa akiwa kwenye benchi ambalo hatukumweka, na ndiyo maana ya kikao. Tulikaa chini ya turubai nyumbani kwake, jeneza likiwa sebuleni na kinamama uani wakipika, na aliyesimamia masufuria alikuwa yule yule jirani, kama ilivyo ada. Mjumbe mmoja, mwanasheria mstaafu, alitupatia njia rahisi. Alisema baraza halikuwahi kupitisha azimio la kumtenga, kwa hiyo kikanuni hakuwahi kutengwa, kwa hiyo kengele igongwe na kwaya iimbe. Tulishusha pumzi wote kwa pamoja. Watu walikuwa wanakuja kutoka Mpwapwa, Gulwe na mjini, askofu alikuwa ameshatuma salamu, na hakuna aliyetaka kumtia ardhini mama yule bila sala. Ndipo binti yake mkubwa, mwalimu wa sekondari, akaomba aseme neno. Alisema mama yake alijua tutafika hapo, na aliacha maagizo tukifika hapo tuambiwe. "Alisema hivi: nizikeni kama mtakavyomzika jirani yangu."

Nimehudhuria vikao vingi vya serikali, lakini sijawahi kuona sentensi moja ikifunga milango yote namna ile. Tukimzika kwa kengele na kanzu, tumeahidi mbele ya mashahidi kwamba mpika pombe naye atazikwa hivyo hivyo. Tukisema mpika pombe hatazikwa hivyo, basi huyu kipenzi chetu, aliyefundisha nusu ya wazee waliokaa pale nyimbo za Krismasi, anakwenda kaburini bila mtu wa kumwombea. Mwenyekiti alijaribu kujiokoa, akasema kwamba jirani yuko hai na suala lake haliko mbele ya kikao. Hakuwa amemaliza, jirani mwenyewe akatokea uani na sinia la vikombe na chupa ya chai. Sote tuligeuka kutazama miguu yetu. Mchungaji peke yake alisimama, akampokea sinia, na akamuuliza swali ambalo mpaka leo sijui alilipata wapi, kwamba Mama, wewe siku yako ikifika ungependa uzikweje.

Yule mama hakushtuka. Alifuta mikono kwenye khanga. "Bado sijafa, Baba Mchungaji," akasema. "Ila nikifa, naomba na mimi niombewe." Kisha akatumiminia chai, kikombe baada ya kikombe, mwenyekiti kwanza, akarudi jikoni kutazama wali. Hakuna aliyekunywa. Juma zima tuliwahi kukaa kimya kanisani tukisubiri Mungu aseme, na hatukuwahi kupata ukimya kama ule wa chini ya turubai. Mwenyekiti wetu, mtu ambaye kusema kweli sikuwa nampenda sana, alivua miwani akajifuta macho, na alipopata sauti akasema, "Basi, tumeambiwa." Kikao kikaisha hapo. Nilimpenda mzee yule tangu dakika ile, na nampenda mpaka leo, ingawa bado anahesabu suruali za vijana.

Kengele iligongwa. Kwaya zote mbili ziliimba, na kinanda kikapigwa kwa fujo. Kaburini mchungaji akiwa na kanzu yake alitangaza mbele ya umati kwamba tunamzika mama huyu kama tutakavyomzika jirani yake, na akamtaja jirani kwa jina kamili, mama aliyekuwa amesimama nyuma kabisa kwa mazoea. Watu wakampisha mpaka mbele. Akachukua udongo, akautupia kaburini, akasema, "Amina, Baba Mchungaji, lakini msiharakishe." Tulicheka makaburini, askofu hakuwepo kutukemea, na wengine tulikuwa tunalia papo hapo. Nadhani marehemu asingetaka liende vinginevyo.

Sitawadanganya kwamba mambo yamenyooka. Pipa la mtama bado linachemka, lori la zabibu bado linakuja, na baraza limekwisha kukaa mara kadhaa bila kukubaliana pombe ni ipi na chakula ni kipi. Tunaulizana sasa, jambo ambalo zamani hatukulifanya, na yule mama amerudi kwenye Meza ya Bwana bila kuombwa asimame mbele kujieleza, maana tulikosa aliyestahili kumsikiliza akijieleza. Wapo waliohama kanisa kwa hasira. Wapo waliorudi. Mimi nimejifunza kwamba kusikia Mungu akimkosoa mwingine hakuhitaji masikio yoyote ya kiroho, ni uvivu tu uliovaa nguo za ibada, na kwamba kanisa likitaka kweli kujua limekosea wapi, liende kwa yule lililomnyima sala, limuulize, kisha linyamaze. Sisi tulingoja mpaka jeneza likawa sebuleni. Ninyi mnaosoma haya, ambao hamna msiba, mwendeeni huyo wa kwenu Jumapili hii, angali hai.