Meza ya Dirishani

Nilisoma hadi darasa la nne, pengine nitakosea kupanga mambo. Nitajaribu kuyaandika kwa haki, maana kaka yangu hayupo hapa kujitetea.

Kijiji chetu cha ujamaa, huku Matiri, kilikuwa bado kipya bwana shamba alipotuchukua wakulima wachache kwenda kuona karakana moja Songea. Nilidhani tutaonyeshwa majembe. Tukakuta vijana wanabuni vitu ambavyo sijawahi kuviona. Mmoja alikosea, akacheka, akabomoa, akaanza upya, wala hakuna aliyemgombeza. Hilo ndilo lililonishika. Kwetu ukiharibu ubao utasemwa mwaka mzima.

Fundi mkuu akatuonyesha meza tupu dirishani. "Atakayeniletea kifaa alichobuni, kikafanya kazi, atakaa hapa ajifunze ufundi."

Tangu hapo hata nikichimba ngoro, mashimo yetu ya kulimia milimani, niliiona meza ile. Nikaanza kuunda mashine ya kumenya kahawa mbivu: gogo la mviringo, bati la debe lililotobolewa kwa msumari, na mpini wa kuzungushia. Ikawa inaponda punje. Nilipoondoa ubao wa mbele ulioibana kahawa nikaweka kipande cha tairi, zikatoka nzima.

Wanaume wa ukoo wetu hula pamoja kwenye sengu, na mazungumzo yote huwa hapo. Mtu hali peke yake, na habari haifichwi. Basi nikaeleza yote, tangu meza ya dirishani mpaka tairi.

"Ndugu fundi!" akanitania kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. "Na tairi tena? Kahawa si itakimbia mpaka Mbamba Bay!"

Tukacheka sana. Halafu akauliza tairi lina unene gani. Nikampimia kwa kidole.

Nilichelewa kwa sababu ya zamu ya shamba la kijiji. Nilipofika Songea na mashine yangu begani, meza ya dirishani ilikuwa na mtu. Kaka yangu. Mbele yake mashine, na kipande cha tairi.

"Umefika, mdogo wangu," alisema, macho kwenye patasi.

Fundi mkuu akazikagua zote mbili. "Zimefanana. Mlisaidiana?"

Kaka aliacha kuchonga. Kumkana mbele ya wageni ni kuuvua nguo ukoo mzima.

"Ndiyo," nikasema.

Je, aliiba? Sijui. La sengu ni la wote, tulifundishwa hivyo sote wawili. Yake aliichonga mwenyewe, na mpini wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Lakini angeniambia tu, "Nakwenda."

Nilirudi nikajenga kibanda, nikawa nawachongea watu mashine. Kazi hiyo imenilisha mpaka leo, na ilianzia siku ile ya karakana. Meza yangu niliiweka dirishani.

Kaka alipokuja likizo alikaa karibu nami kwenye sengu. "Sasa unabuni nini, fundi?"

Nyumbani nilikuwa na mashine mpya, nimeifunika gunia.

"Hakuna," nikasema, nikamsogezea maharage.