Fungu la Mlembe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimzuia baba yangu kwenda porini miezi mitatu mizima, na sikutumia kitu kingine ila tumbo langu. Sijivunii. Nasimulia sasa kwa kuwa baba tumemzika mwaka huu, na waliokuja kuhani walimsifu kwa mashati aliyowashonea. Hakuna aliyetaja pori.

Baba alikuwa fundi cherehani mjini, pale Chumbageni. Siku sita za wiki alikaa ameinamisha shingo, pini mdomoni, na ya saba alikuwa mtu mwingine. Jumamosi jioni alifunika cherehani, akatungika tepu ukutani, akanishika mkono tukapanda basi kwenda Mwera kwa bibi, mama yake. Jumapili jua likichomoza tulikuwa tumeshaingia vichakani. Alijua miti kwa kunusa magome. Kinyonga akivuka njia, baba alisimama mpaka amalize kuvuka, nami nikasimama naye huku mbu wananila. Mama alikuwa akisema kwamba aliolewa na fundi, akajikuta ana digidigi ndani ya nyumba.

Siku niliyotenda kosa langu, mlembe alitujia. Ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi, hana lolote la kutazamwa, ila anajua nyuki walipo. Hulia kama kiberiti kinachotikiswa, akaruka mti hadi mti akikungoja, mpaka akufikishe kwenye asali. Kisha hukaa pembeni kusubiri fungu lake. Bibi alikuwa na onyo moja juu yake, na tulilisikia kila tulipomuaga.

"Mpeni chake," alisema. "Mlembe akidhulumiwa hasemi kitu. Safari ya pili anakupeleka kwa nyoka."

Baba alifukiza moshi kwenye tundu la mti, akatoa masega, akachagua kipande kizuri chenye majana, wale watoto wa nyuki wanaopendwa na mlembe, akakiweka juu ya jani pana. Akatangulia na ndoo. Mimi nikabaki nyuma kukusanya kamba. Baadaye nilijidanganya kwamba nilitaka kumpelekea mdogo wangu Rajabu, aliyebaki mjini na kikohozi. Uongo mtupu. Nililila fungu lote, majana na nta, nikalamba na jani. Nilipoinua macho, mlembe alikuwa tawini, amenyamaza.

Jumapili iliyofuata akaja tena. Nilitaka kusema, nikajishughulisha na kamba. Baba alitangulia akimjibu kwa mluzi, furaha tele. Hatukufika mbali. Mguu wake ukaganda hewani. Chini yake, kwenye majani makavu, alikuwa amelala moma, nyoka yule mnene wa sumu, unene wake kama mkono wa baba.

"Usitikisike, mwanangu," alisema polepole, akarudisha mguu, tukarudi kinyumenyume mpaka njiani. Pale akacheka. "Bibi yako asijue, atatufungia ndani."

Mimi sikucheka. Nilijua nimeponea chupuchupu kumuua baba yangu.

Leo nikiwa mtu mzima, najua moma huota jua popote anapopenda huko Mwera, hangoji kutumwa na ndege. Najua hivyo mchana, nikiwa na watu. Nikiwa peke yangu kichakani, sina uhakika sana.

Tangu wiki ile, kila baba alipofunika cherehani, nilijishika tumbo nikilia kwamba linauma. Akisema basi aende peke yake, nilimng'ang'ania shati. "Usiniache, baba, nitakufa." Naye alikaa kitandani kwangu, akanisugua tumbo kwa mafuta ya nazi, na mkoba wake wa safari ukabaki msumarini. Wiki zikapita. Akaanza kushona hata Jumapili. Wakati mwingine cherehani ilinyamaza katikati ya pindo, nikachungulia, nikamkuta anatazama mwarobaini wa jirani unavyoyumba. Roho iliniuma. Lakini nilimtaka hai.

Siku moja nilimkuta barazani na Rajabu, anamwonyesha kwa vidole vyake juu ya mkeka jinsi kinyonga anavyotembea. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, mimi ndiye niliyekula fungu la mlembe."

Hakucheka. "Lote?"

"Lote."

"Na majana?"

"Na majana."

Akafikiri kidogo. "Basi tukamrudishie."

Jumamosi ile tumbo halikuniuma. Tulichukua kipande cha sega kutoka sokoni, Jumapili tukakiweka chini ya mti uleule wa asali, na baba akataka niombe radhi mwenyewe, kwa sauti. Mlembe hakutokea. "Atakuja akitaka," baba alisema, akaendelea mbele kunusa magome, na mimi nyuma yake.

Miaka yote nilidhani siri ya tumbo ilikuwa yangu. Baada ya arobaini, mimi na mama tukikunja nguo za baba, nikamwambia. Mama akaniangalia kama mtu anayeangalia mjinga anayempenda.

"Ulidhani hajui? Wiki ya kwanza tu aliniambia, mtoto huyu haumwi, ana kitu anakiogopa. Nikamwambia mbane aseme, uende zako porini. Akasema, pori halihami. Atasema akiwa tayari."

Nililia juu ya zile nguo. Miezi mitatu alisugua tumbo alilojua ni zima.

Jumapili iliyopita niliwapeleka wanangu Mwera. Tulipopata asali, niliweka kipande juu ya jani, nikawaeleza ni cha nani. Mdogo wao, Zainabu, akaniuliza kama anaweza kuonja. Nikamwambia hapana, kisha nikamwachia kamba azikusanye, nikachukua ndoo nikatangulia na wenzake, bila kugeuka nyuma. Jumamosi hii akiniambia tumbo linamuuma, mafuta ya nazi yapo.