Jentlemani Aliyempa Mama Mkono

Neno "jentlemani" nililileta nyumbani mimi, nilipokuwa nasoma shule ya misheni miaka ya hamsini. Mwalimu wetu, mama wa Kizungu, alisema tusimtazame mwanamume kwa ng'ombe wake, bali tuangalie kama ni jentlemani. Jentlemani huvua kofia, na mwanamke akiingia husimama na kumpa mkono. Karani mmoja wa Mbeya alipotaka kunioa, nilimwambia mama kwa majivuno, "Huyu ni jentlemani."

"Ndilo kabila gani?" mama akauliza.

Kijana alikuwa Mnyakyusa, nasi ni Wahehe. Kabla ya kuja kuposa aliniuliza kwetu wakwe wanasalimiwaje. Nikamjibu, "Wewe kuwa jentlemani tu." Nilijua fika kwamba kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono, wala hamtazami usoni. Huchuchumaa, akainamisha kichwa mpaka mama apite. Niliona hayo ni mambo ya kizamani.

Alifika Jumapili baada ya ibada, pamoja na mjomba wake. Alivaa suti ya kijivu, viatu vimejaa vumbi la njiani. Mimi nilikuwa chumbani, nachungulia nyuma ya pazia. Mama akapita ukumbini, kibuyu cha togwa mkononi, uso ameufunika kwa kaniki. Kijana akainuka, akavua kofia, akamfuata na kumshika mkono.

Kibuyu kilianguka. Mama akakimbilia jikoni.

Shangazi, aliyekuwa mlangoni, akapiga kelele, "Jamani, mkwe kamshika mkwe! Kesho si atamwomba wacheze dansi?"

Wanawake walicheka huko jikoni. Wanaume hawakucheka. Baba akauliza polepole, "Kijana, nani amekufundisha haya?"

Alitupa jicho kwenye pazia mara moja, kisha akatazama chini. "Hakuna, mzee. Ni ujinga wangu mwenyewe."

Ningeweza kutoka. Ilikuwa hatua chache tu, na baba alikuwa hajakasirika bado, alikuwa anangoja. Nilishika pazia, nikasikia shangazi anacheka tena, nikaliachia.

Baba akasema posa haitapokelewa. Mjomba mtu aliomba radhi mara mbili, ya tatu hakumaliza. Waliondoka kabla ya chakula. Kuku aliyechinjwa kwa ajili yao tulimla sisi wenyewe, na mimi nilikula.